Mnara wa Malindi: msalaba wa Lisbon juu ya tumbawe la kwetu

Kwenye rasi iliyo kusini mwa ghuba ya Malindi, juu ya jabali la matumbawe linalopigwa na mawimbi, pamesimama mnara mweupe, mnene chini na mwembamba juu, kama kawa lililovutwa. Kileleni una msalaba mdogo wa jiwe. Watu huuita Mnara wa Vasco da Gama, na karibu kila kijitabu cha watalii kinaupa mwaka 1498. Kwa msalaba, mwaka huo umekosea kwa miezi michache. Kwa mnara unaoubeba, hauna mashiko.

Kosa lenyewe ni la kawaida kwa alama kongwe za mawe mijini. Mtu huliuliza jiwe zima swali moja, "la lini hili?", kumbe alichonacho mbele yake ni kazi za mafundi wa zama tofauti zilizoshikizwa pamoja. Mnara wa Malindi ni vitu vitatu: msalaba uliosafiri melini, mwili wa matumbawe na chokaa uliojengwa papo hapo, na viraka vya saruji na rangi vilivyoongezwa tangu karne ya 19. Kila kimoja kina asili yake na njia yake ya kuulizwa. Kwa hiyo mwenye kutafuta asili asianze kileleni wala kwenye kibao. Aanze kwenye maungio, pale kitu kimoja kinapogusana na kingine.

Wareno walibeba nini

Mabaharia Wareno wa mwanzo walikuwa wakiacha misalaba ya miti kwenye fukwe walizofika. Mti huoza, na mwingine akija baadaye anaweza kusema yeye ndiye wa kwanza. Kuanzia safari ya Diogo Cão ya mwaka 1482, mfalme João II aliwapa nguzo za mawe zilizochongwa Ureno na kupakiwa kama shehena. Kireno huita nguzo hiyo padrão. Ya kwanza ilisimikwa kwenye mdomo wa mto Kongo.

Nguzo ya aina hiyo ina sehemu tatu: shina refu jembamba, juu yake bonge la pembe nne lenye ngao ya mfalme na maandishi, na juu kabisa msalaba. Mfano mzuri uliobaki ni ule wa Cape Cross, Namibia, wenye urefu wa kama mita 3.5 na uzito unaozidi tani moja. Wajerumani waliung'oa mwaka 1893 wakaupeleka kwao, na mwaka 2019 jumba la makumbusho la Berlin lililokuwa nao likatangaza kuurudisha.

Nguzo hiyo ya Namibia inafundisha jambo ambalo wengi hulikosa. Maandishi yake yanahesabu mwaka 6685 tangu kuumbwa ulimwengu na 1485 tangu kuzaliwa kwa Kristo. Lakini ilisimikwa mwaka 1486. Mwaka uliochongwa juu ya jiwe ni mwaka wa agizo au wa kuchonga, na jiwe linaweza kukaa ghalani au ngamani miezi mingi kabla halijaona ardhi lililokusudiwa. Ukikuta tarehe juu ya jiwe lolote, iwe ya Kizungu au ya Hijria, iandike kwenye daftari kama tarehe ya mchongaji, siyo ya msimikaji.

Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 akiwa na nguzo kama hizo. Mwezi Desemba mwaka huo, kwenye ghuba ya Mossel, Afrika Kusini ya leo, watu wake walisimika nguzo pamoja na msalaba mrefu uliotengenezwa kwa mlingoti wa meli. Kesho yake, meli zikiwa bado zinajiandaa kuondoka, wenyeji kama kumi au kumi na wawili walikuja wakavivunja vyote viwili mbele ya macho yao. Tukio hilo lina maana kwa Malindi. Nguzo na msalaba havikuwa lazima kitu kimoja. Ndiyo maana kukuta msalaba bila shina lake si ajabu, na wala hakutoshi kuitwa ughushi.

Karatasi kwanza

Kabla ya kushika tepu au kamera, soma. Mmoja wa watu waliokuwa kwenye safari ile aliweka shajara, nayo imechapishwa kwa Kireno na kutafsiriwa. Isome kwa kutafuta mambo mawili tu: lini na wapi.

Meli zilifika Malindi mara ya kwanza katikati ya Aprili 1498, wakati wa Pasaka, zikang'oa nanga tarehe 24 Aprili na rubani aliyetolewa na mfalme wa Malindi. Zilivuka bahari kuelekea Calicut, India, siku 23 bila kuona nchi kavu, upepo wa kusi ukizisukuma. Hapo shajara haitaji nguzo yoyote kusimikwa Malindi.

Safari ya kurudi ilikuwa balaa. Waliondoka India wakati upepo haukuwa wao, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, na ugonjwa wa kuvimba fizi ukawamaliza watu. Walitia nanga Malindi Jumatatu, tarehe 7 Januari 1499. Wakapelekewa kondoo, machungwa kwa ajili ya wagonjwa, kuku na mayai. Ndipo nahodha akamtuma mtu wake aliyejua Kiarabu kwenda kwa mfalme na zawadi na maombi mawili: jino moja la ndovu la kumpelekea mfalme wa Ureno, na ruhusa ya kuweka nguzo ardhini iwe alama ya urafiki. Mfalme akakubali yote mawili. Ijumaa tarehe 11 wakatweka.

Basi nguzo ni ya Januari 1499, mwaka 904 wa Hijria. Kwa wanaopenda kuhakiki wenyewe: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. 904 inakupa 1498 na ushei. Njia hii hukupeleka karibu tu. Mwaka wa Hijria hukatiza miaka miwili ya Kizungu, kwa hiyo bila mwezi usiandike mwaka mmoja, andika miwili kwa mkwaju (/). Kumbuka pia kwamba tarehe za Wareno kabla ya Oktoba 1582 ni za kalenda ya zamani, na kalenda ilipobadilishwa siku kumi zilirukwa; kwa Januari 1499 tofauti ni siku tisa. Ukilinganisha na mbalamwezi au maji ya bamvua bila kusahihisha hilo, hesabu itakataa.

Sasa angalia kile ambacho shajara haikusema. Haikutaja rasi wala kusema nguzo ilikuwa upande gani wa mji. Jina "Roho Mtakatifu" linalopewa nguzo ya Malindi linatoka kwa waandishi wa tarehe wa Kireno wa karne ya 16, waliokuwa mezani, siyo melini. Jina unaweza kulichukua kwao. Mahali, usichukue.

Jiwe la msalaba

Makumbusho na wataalamu huutaja msalaba kuwa wa jiwe la Lisbon. Hiyo ni hoja yenye nguvu kuliko tarehe yoyote iliyoandikwa, kwa sababu jiwe halibebwi kutoka Ureno hadi Malindi kwa bahati mbaya. Lakini hoja hiyo ina mitego, na anayetaka kufanya kazi kama hii kwenye jiwe jingine aijue.

Jiwe la kawaida la majengo ya Lisbon huitwa lioz. Ni jiwe la chokaa la zama za dinosaria, gumu, lililoshikana, linalokubali kung'arishwa, rangi yake krimu inayoelekea waridi, na ndani yake mna mabaki ya chaza wakubwa wa kale waliokwisha kutoweka. Tumbawe la pwani yetu nalo ni chokaa, lakini limejaa vitundu, na ukilikaribia unaona vijumba vya matumbawe vyenyewe, kama sega la nyuki dogo lenye kuta nyembamba.

Mtego wa kwanza ni siki au asidi. Wengi hufundishwa kudondosha asidi na kutazama povu. Mawe yote mawili ni chokaa, kwa hiyo yote mawili yatatoa povu, na utakuwa umeliumiza jiwe bila kujua chochote. Usifanye.

Mtego wa pili ni wa wenye mashine. Kuna kifaa cha mkononi, ukubwa wa drili, kinachopiga miale ya eksirei na kusoma elementi zilizomo kwenye uso wa jiwe bila kulikwangua. Elementi ya kutazama hapa ni stronti. Tumbawe ambalo halijabadilika huwa na stronti nyingi, kama sehemu 7,000 hadi 8,000 kwa kila milioni, na jiwe kongwe la chokaa la Ulaya huwa na mia chache tu. Tofauti kama hiyo haihitaji mjadala. Tatizo ni chokaa ya kupaka. Chokaa ya pwani inachomwa kutokana na matumbawe, na kifaa kinasoma tabaka la juu. Ukielekeza kifaa kwenye msalaba uliopakwa chokaa utasoma tumbawe, na utatangaza kwamba msalaba ni wa Malindi. Tafuta mahali palipobanduka penye jiwe tupu, hata kama ni pa ukubwa wa ukucha, na upige mara tatu mahali tofauti. Tumbawe kongwe lililokaa nchi kavu nalo hupoteza stronti polepole, kwa hiyo namba ya katikati haikupi jibu. Ikitokea hivyo, jibu linabaki kwa kipande chembamba cha jiwe kilichosagwa hadi unene wa milimita 0.03 na kutazamwa kwa darubini, na hicho hakichukuliwi bila kibali. Mnara uko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi inakataza kuuharibu, kuubadilisha au kuondoa kitu chake bila kibali. Hata kipande kilichoanguka chini ni cha mnara.

Vipimo navyo vinadanganya kwa namna ya kuchekesha. Fundi wa Lisbon alipima kwa palmo, kiasi cha sentimita 22. Fundi wa Malindi alipima kwa shubiri, nusu ya dhiraa, na dhiraa ya pwani ni kama sentimita 45 au 46. Kwa hiyo shubiri ni sentimita 22.5 hadi 23. Kwenye jiwe fupi lililoliwa na chumvi, tofauti ya nusu sentimita imekwisha potea. Vipimo vinaanza kusema kweli kwenye urefu wa mita mbili na zaidi, ambako palmo kumi na shubiri kumi zinaachana kwa sentimita tano hadi kumi. Msalaba wa Malindi ni mdogo mno kwa hoja hiyo. Kwenye mawe ya zama za ukoloni mambo ni rahisi zaidi: Dar es Salaam au Tanga, jiwe la Mjerumani hupimika kwa sentimita kamili na la Mwingereza kwa inchi kamili, na upande wa jiwe wenye sentimita 30.5 ni futi moja bila ubishi.

Ngao

Kinachotofautisha zaidi ni ngao ya Ureno iliyochongwa juu ya msalaba. Ngao hiyo ina vijingao vitano katikati vilivyopangwa kama msalaba, kila kimoja na vidoti vyake, na pembeni pindo lenye ngome ndogo. Mwaka 1485 João II aliibadilisha. Kabla ya hapo vijingao viwili vya kushoto na kulia vililala, ncha zao zikielekea katikati, na nyuma ya ngao zilichomoza ncha za msalaba wenye maua. Baada ya hapo vijingao vyote vitano vilisimama wima na yale maua yakaondolewa. Nguzo za safari ya kwanza ya Diogo Cão zina ngao ya zamani. Za kuanzia 1485 zina mpya. Jiwe lililochongwa kwa ajili ya safari ya 1497 lazima liwe na vijingao vyote wima. Ukikuta ngao imekaa juu ya tufe la mikanda, kama ilivyo kwenye bendera ya Ureno ya leo, shuku kwamba ni kazi ya karne nyingi baadaye, pengine ya baada ya 1911.

Tazama basi, usikisie. Michongo ya namna hii imebaki na kina cha milimita chache, na kila mkono wa chokaa unaijaza. Jua likikupiga usoni huoni kitu. Unahitaji mwanga unaopita sambamba na uso wa jiwe, ili kila kitundu kitupe kivuli. Kwa jiwe lililo chini, tochi ya simu inatosha: usiku, simu ya kupiga picha juu ya stendi bila kusogezwa, na mtu wa pili akizungusha tochi mahali panane, ikiwa karibu sana na uso wa jiwe, pembe ya nyuzi 10 hadi 15. Picha nane, kisha uzilinganishe moja moja. Kinachoonekana kwenye picha moja tu ni mkwaruzo au chokaa. Kinachoonekana kwenye tano ni mchongo.

Msalaba wa Malindi uko juu na tochi haifiki, lakini Malindi iko nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta na jua linakufanyia kazi bure. Kati ya saa tano na nusu na saa sita mchana, jua likiwa karibu utosini, nyuso zinazotazama bahari hupigwa kutoka juu kwenda chini. Baada ya saa sita na nusu hivi ni zamu ya nyuso zinazotazama bara. Miezi mizuri ni Machi na kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Alfajiri, ambayo wapiga picha huipenda, uso wa mashariki unakuwa mweupe pe kama karatasi. Droni inasaidia, ila Kenya inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na upepo wa baharini pale rasini ukishapanda huiyumbisha mno.

Njia ambayo ningeipiga marufuku ni ile ya kufunika jiwe kwa karatasi na kusugua mkaa juu yake. Juu ya graniti haina neno. Juu ya jiwe la chokaa lililolika kwa chumvi, unang'oa uso wenyewe kila unaposugua. Na usipake maji, mafuta, chaki wala dawa ya kung'arishia nguo ili herufi "zitokee".

Mwili wa mnara

Hapa ndipo habari ya kwetu ilipo, na ndipo vitabu vya watalii hupita mbio.

Nguzo ya Kireno ni shina jembamba. Mwili wa Malindi ni mnara mnene uliojengwa kwa mawe ya tumbawe na chokaa, na hiyo ni kazi ya fundi wa Kiswahili toka msingi hadi ncha. Tembea dakika chache hadi msikiti wa Ijumaa ulio karibu na bahari uone makaburi mawili ya minara, yanayohesabiwa kuwa ya karne ya 15. Nenda Mombasa uone mnara wa Mbaraki. Ufundi ni ule ule: mawe yasiyochongwa sana ndani, chokaa nyingi, nje lipu laini, na umbo jembamba kadiri linavyopanda. Yeyote aliyeagiza mnara wa rasini, mkono uliopanga mawe ulikuwa umezoea kujenga hivyo.

Mafundi wa pwani walitofautisha mawe mawili. Lipo tumbawe bichi, linalokatwa chini ya maji likiwa hai, laini kiasi cha kuchongeka kwa shoka na tezo kabla halijakauka. Hilo ndilo la mihirabu na nakshi. Na lipo jiwe la mwamba wa zamani wa nchi kavu, gumu, lenye mikwaruzo, la kuta. Mnara ni wa hilo la pili.

Wanaotaka kuupima umri kwa maabara wajue watakachopewa. Sehemu kubwa ya mwamba wa matumbawe wa pwani ya Kenya uliota kama miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu zaidi, na kupima jiwe lake ni kupima mwamba. Tumbawe bichi lililokatwa baharini likipimwa kwa kaboni hutoa umri uliozidi kwa miaka kama 400, kwa sababu kaboni ya bahari huwa imekwisha kuzeeka kabla kiumbe hakijaila. Fikiria maana yake hapa: jiwe la 1870 litasomeka la 1470, na mtu atafurahi bure. Chokaa iliyochomwa nusunusu ina tatizo hilo hilo. Kinachofaa ni vipande vya mkaa vilivyoingia kwenye chokaa kutoka tanuu, kwani chokaa ilichomwa juu ya magogo. Miligramu chache zinatosha. Hata hapo, chagua kipande chenye gome au cha kijiti chembamba. Moyo wa mti mkubwa huwa ulikufa miaka mingi kabla mti haujakatwa.

Viraka

Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, wakahamia Mombasa pamoja na mtawala wa Malindi. Mji ukadidimia, ukaja kuwa magofu, na uhai mpya ulirudi miaka ya 1860 wakati wa Sayyid Majid wa Zanzibar. Kwa zaidi ya karne mbili, basi, mnara haukuwa alama ya mji. Ulikuwa alama ya bahari: kitu cheupe rasini ambacho nahodha hukielekezea omo. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida kabisa ya alama za mawe za pwani kubaki hai wakati majumba yanaanguka.

Mwaka 1873 nahodha Malcolm wa manowari ya Kiingereza HMS Briton aliuimarisha kwa saruji. Anayetaka kufuatilia tukio hilo aende kwenye daftari za kila siku za meli, zilizohifadhiwa Kew, London, kwenye mfululizo uitwao ADM 53, atafute jina la meli na mwaka. Daftari la meli linataja mahali pa kutia nanga, hali ya hewa, na watu waliopelekwa nchi kavu. Halitaji historia, na ndiyo sifa yake.

Saruji ya kisasa ilisajiliwa Uingereza mwaka 1824, kwa hiyo kila penye saruji ni baada ya hapo, na Malindi ni baada sana. Kuitambua huhitaji kukwaruza. Tazama maungio upande wa upepo. Penye chokaa, chokaa hulika kwanza: ungio limeingia ndani na jiwe limetokeza. Penye saruji ni kinyume: ungio limesimama kama ubavu na jiwe limebonyea katikati yake. Sababu ni kwamba maji ya chumvi yakiingia ukutani lazima yatoke. Chokaa ni laini kuliko tumbawe, huyapitisha na kulika badala ya jiwe. Saruji huyazuia, maji hutokea kwenye jiwe, chumvi huganda nyuma ya uso wake na kulibandua tabaka kwa tabaka. Kiraka kilichowekwa kuokoa mnara ndicho kinachoula. Ukarabati unaofaa ni chokaa iliyoloweshwa majuma kadhaa, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, mchanga wa mto uliooshwa na kamwe si wa ufukweni, na kazi ifunikwe magunia yenye maji siku kadhaa isikauke kwa pupa.

Kwa miaka ya baadaye, picha ndizo karatasi. Mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya 1860 na 1960, na zinatazamika mtandaoni. Linganisha umbo la kilele, urefu wa jabali mbele ya mnara, na mahali lipu ilipopasuka. Jihadhari na picha za zamani zilizochapwa kinyume kutoka kwenye negativu za vioo: hakikisha bahari iko upande unaostahili kabla hujatangaza kwamba mnara ulihamishwa.

Ulihamishwa?

Inasimuliwa Malindi kwamba nguzo ya kwanza ilikuwa karibu na nyumba ya mfalme, msalaba ukawaudhi Waislamu wa mji, ukaondolewa, kisha baadaye ukasimikwa rasini. Masimulizi hayo yanakubaliana na vitu viwili tulivyokwisha kuona: shajara haitaji rasi, na mwili wa mnara si shina la Kireno. Nayaona kuwa na uzito kuliko kibao. Mfalme aliyetoa ruhusa "iwe alama ya urafiki" angeitaka alama hiyo mahali watu wanapopita, siyo jabalini wanapotua ndege.

Ukienda kuuliza wazee, usiulize Vasco da Gama alikuja lini. Watakujibu walichosoma shuleni, wengine kwa tabasamu. Baada ya shikamoo na mazungumzo yake, uliza mambo ya mikono: mzee, chokaa ya kupaka mnara ilitoka tanuu la nani? Nani alikuwa akipanda? Waliegemeza ngazi au walifunga boriti? Wavuvi waulize rasi inaitwaje wakiwa baharini, na mnara wanaulinganisha na kitu gani cha bara wanapoingia ghubani. Majina ya baharini hubadilika polepole kuliko ya mitaani. Kisha nenda mwenyewe maji ya bamvua yakiwa yamekupwa, uzunguke chini ya jabali, uone lilivyochimbwa na mawimbi na ukuta wa kulizuia ulivyokaa.

Na ukisikia kwamba mnara unataka kupakwa upya, omba ruhusa kwa wahifadhi mapema. Fundi akishafunga jukwaa na kukwangua magamba ya zamani, kwa siku mbili tatu ungio kati ya msalaba na mnara linakuwa wazi, jiwe tupu, mkono unafika. Hapo ndipo pa kuleta tochi, rula ndogo na kile kifaa cha stronti, kabla debe la chokaa halijapandishwa.